Maji Kwanza, Bwana Shamba

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka kumi na moja kabla sijawa mtu wa kubadilisha mashuka ya wazee huku Lidcombe. Nalisema mapema ili msomaji ajue kiburi changu kilitoka wapi. Mke wangu ni muuguzi, na yeye ndiye aliyepata kazi Sydney. Mimi nilimfuata na stashahada yangu ya kilimo ndani ya bahasha ya kaki, nikidhani nchi yenye mashamba makubwa namna hii itanipokea kwa shangwe. Ilinipa fulana ya buluu, boksi la glavu na ratiba ya zamu. Kazi ile sikuionea aibu, na leo naishukuru kwa moyo wote maana imelea wanangu. Lakini Mwafrika mwenzangu akiniuliza nafanya nini, nilikuwa namjibu, "Mimi kitaaluma ni bwana shamba." Alikuwa hajaniuliza taaluma.

Pale kazini kulikuwa na dada mmoja Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Siku moja wakati wa chai alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Kaka, wewe si unasemaga ni bwana shamba? Mum amepata ka-shamba huko nyuma ya Liverpool. Ni trial tu, one summer. Owner anarudi March. Akikuta limelimwa vizuri, Mum anabaki nalo. Akikuta majani, anawapa watu wa farasi. Please, njoo umsaidie. Kwenye unit anakufa na TV."

Liverpool ya huku ni mji wa pembeni mwa Sydney, si ile ya mpira wa Uingereza. Dada hakuwa anatia chumvi. Mama yake, ambaye nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, alikuwa amelima maisha yake yote. Alilima kwao Burundi, kisha kambini akalima vibarua kwenye mashamba ya watu, kisha akaletwa Australia na kupandishwa kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, akaambiwa apumzike. Alipumzika miaka minane. Kiingereza hakukijua, wajukuu walimwelewa lakini wakamjibu kwa Kiingereza, na magoti yakaanza kumuuma kwa kukaa. Tangu apewe shamba aliamka alfajiri, akafunga jembe kwenye mfuko wa nailoni, akapanda basi. Binti yake aliniambia kwamba hajasikia habari ya magoti tena. "Akilikosa," alisema, "sijui ataamka asubuhi kwa ajili ya nini."

Basi nikaenda, nimevaa kofia yangu ya zamani ya kazini.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa palepale, wazazi wake walitoka Ulaya wakaja kulima mboga. Watoto wake hawakutaka kilimo, na mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alikuwa anaelekea kaskazini kukaa kwa bintiye mpaka kiangazi kiishe. Alituonyesha bwawa, akatuonyesha pampu, akaniachia ufunguo wa pampu na wa kibanda chake, akarudia neno lake la Machi na la farasi kwa upole kabisa. Sikumlaumu. Wenye farasi wanaotafuta malisho wangemlipa pesa, sisi tulikuwa tunamlipa kwa ahadi za mahindi mabichi.

Bibi alikuwa ameshapanda mistari kumi na miwili ya mahindi, maharage katikati, na lengalenga, yaani mchicha, pembeni. Nafasi zilikuwa sawa kama zimepigwa kamba, ingawa kamba sikuiona. Kwa wiki nne kazi yangu ilikuwa kuwasha pampu na kushika mpira, nikitoa maelezo ya kitaalamu ambayo hakuna aliyeyaomba. Bibi alinisikiliza kwa heshima. Kwao mtaalamu husikilizwa, hata akiwa anakanyaga maharage.

Mambo yaliharibika mwezi wa Desemba, na yaliharibika kwa sababu ya punguzo la bei.

Miaka ile mbolea ilikuwa imepanda mpaka watu wakashika vichwa. Kwetu nyumbani ndugu zangu walinipigia simu kulalamika, na huku nako wakulima walilalamika vilevile, kwa lafudhi tofauti tu. Kisha bei ikaanza kushuka. Nikiwa naelekea shambani, nilisimama kwenye duka la vifaa vya kilimo kununua kiungio cha mpira, nikaona mifuko ya urea iliyochanika imerundikwa mlangoni, nusu bei. Mtu aliyewahi kuona mkulima akinunua urea kwa kilo moja moja, ikipimwa kwenye mzani wa sukari, hawezi kupita mfuko wa nusu bei akaendelea na safari. Nilichukua miwili. Niliipakia garini huku napiga mluzi.

Wiki hiyohiyo pampu ilikuwa imekufa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kuna kipande kinahitajika na kwamba maduka ya vipuri yamefungwa kwa sikukuu mpaka baada ya mwaka mpya. Bwawa lilikuwa na maji, lakini lilikuwa chini kule, na mahindi yalikuwa juu huku.

Bibi alinikuta nikishusha mifuko.

"Bwana Shamba, maji iko wapi?"

"Mvua inakuja kesho, Bibi." Nikamwonyesha simu, ile picha ya wingu lenye matone.

Aliitazama simu vizuri, pande zote mbili. "Simu yako inalima wapi?"

"Bibi, mahindi yamefika magotini. Huu ndio wakati wa kukuzia. Ukichelewa, umechelewa."

"Maji kwanza. Hii kitu inatafuta maji kama mtu amekula chumvi. Ikikosa maji kwa udongo, itayatoa kwa mahindi."

Hilo ni jambo nililolisoma darasani kwa michoro na mishale, na yeye alilisema amesimama na jembe begani. Ningepaswa kunyamaza. Badala yake nilipandisha sauti kidogo, nikamweleza kwamba bei kama hii haitarudi, kwamba nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na kwamba utabiri wa huku si kama wa kwetu. Kisha yeye akafanya kitu ambacho wakulima wamekuwa wakinifanyia maisha yangu yote bila mimi kukitambua: alinipa kipande cha shamba cha kujaribia.

"Sawa. Weye umesoma. Fanya hizo mistari nne za chini, zinaangalia mlango. Zingine niachie."

Kwetu kipimo cha mbolea ni kizibo cha soda. Nimewafundisha mamia ya wakulima: kizibo kimoja kila shina, sentimita chache kutoka kwenye mche, funika na udongo. Wengi walikuwa wanagawa kizibo kimoja kwa mashina mawili kwa sababu ya bei, na mimi nilikuwa nawagombeza. Siku ile mfukoni sikuwa na kizibo cha soda. Soda za huku nanunua za kopo. Garini kulikuwa na chupa tupu ya maziwa ya lita mbili. Nikachukua kifuniko chake, na mkono ukaanza kazi uliyoizoea: chota, mwaga, funika, sogea. Sikuwaza lolote. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kazini kwake. Na kwa vile mbolea ilikuwa rahisi, nilikuwa nachota mpaka inamwagika.

Mvua ilikuja kesho yake kama simu ilivyosema. Tuliiona ikipita mbele yetu, nyeusi, ikaenda kunyesha baharini.

Siku ya nne nilitoka zamu ya usiku, nikapanda treni mpaka Liverpool, nikachukua gari langu nililoliacha kituoni, nikaenda shambani moja kwa moja. Ncha za majani ya mistari minne zilikuwa zimegeuka njano, na nyingine zimeshakuwa kahawia, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Mistari minane ya Bibi ilikuwa na kiu, imenyong'onyea, lakini hai.

Nyumbani nilichukua kile kifuniko cha maziwa, nikamwomba jirani kizibo cha chupa, nikajaza chumvi kwenye kikubwa nikaimwaga kwenye kidogo. Kilijaa mara tatu na chumvi ikabaki. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Kwa hiyo umewapa dozi ya tembo," alisema.

Sikucheka. Nilikaa pale jikoni nikamkumbuka mtu mmoja wa kwetu.

Kule nilikofanya kazi kulikuwa na skimu ya umwagiliaji yenye mfereji mmoja mrefu. Wakulima wa juu, wanaopata maji kwanza, walinunua mbolea hata ilipokuwa ghali, wakinung'unika lakini wakinunua. Wa mwisho wa mfereji hawakununua hata serikali ilipoweka ruzuku. Mimi nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba wakulima wa eneo la chini hawana mwamko. Nilipenda neno hilo, mwamko. Mmoja wao, baba mtu mzima mwenye watoto sita, nilimfuata mpaka kwake nikamsomea bei mpya, nikamuuliza anataka serikali imfanyie nini zaidi. Akanijibu, "Bwana shamba, bei ya mbolea nitaijuaje na sijui maji yatanifikia lini?" Nilimwona mjanja wa maneno. Nikamwambia yeye ndiye anayeturudisha nyuma, mbele ya mkewe, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Hakuwa mjanja. Alikuwa ananipa hesabu nzima kwa sentensi moja, na mimi niliyelipwa mshahara kwa kuijua hesabu hiyo sikuisikia. Kwake yeye mfuko wa nusu bei ulikuwa ghali kuliko mfuko wa bei kamili kwa jirani yake wa juu, kwa sababu wake ungeweza kuunguza alichonacho. Nililia kidogo pale mezani, sitaficha. Hata hivyo ndani ya aibu ile kulikuwa na shukrani ambayo sikuitarajia, kwamba nimefika umri huu na bado kuna mtu wa kunifundisha kazi yangu.

Asubuhi nilimwendea Bibi. "Nimekuunguzia, Bibi. Kipimo nilikosea, na habari ya maji ulinionya."

Alikuwa ameshaona, bila shaka. Aliinama, akafukua shina moja kwa kidole, akatoa punje nyeupe mbili tatu ambazo hazijayeyuka, akazitupa njiani.

"Leta ndoo," alisema.

Tulikuwa watu wanne: Bibi, binti yake, mke wangu na mimi. Kutoka bwawani mpaka mahindini ni mwinuko mkali, na maji ni mazito, hilo halihitaji taaluma. Tulibeba kuanzia alfajiri mpaka jua lilipotufukuza. Kisha kukazuka jambo ambalo nusura linigombanishe na mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Mimi ndoo zangu zote nilikuwa napeleka kwenye mistari minne. Niliamini nikiimwagia maji mengi, mbolea itashuka chini na mizizi itapona, na kitaalamu sikukosea. Bibi alinisimamisha katikati ya mwinuko.

"Hapana. Nane kwanza."

"Bibi, hiyo mistari inakufa!"

"Ninaona. Nane kwanza."

"Lakini ile minane inaweza kungoja siku moja, hii haiwezi!"

Aliweka ndoo yake chini. "Weye unataka kuokoa mistari yako. Mie nataka kuokoa shamba."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, nikaenda kukaa garini nimefunga mlango, joto lote lile, mtu mzima na mvi zangu. Mke wangu alikuja akagonga kioo, akaniuliza kama nakusudia kubeba ndoo au kuatamia usukani. Nikatoka. Nilibeba maji ya mistari minane, siku hiyo na kesho yake na keshokutwa yake, kabla ya zamu na baada ya zamu. Ile minne ilipata yaliyobaki. Theluthi ya mashina yake yalikufa, na yaliyopona yalidumaa, ya njano, yakitazama mlango kama watoto walionyimwa chakula.

Baada ya mwaka mpya kipande cha pampu kilifika. Fundi alikifunga kwa dakika ishirini. Maji yalipotoka kwenye mpira, yakikohoa tope kwanza halafu safi, Bibi aliinua mikono akasema neno la Kirundi ambalo hadi leo sijauliza maana yake. Tulimwagilia siku mbili. Siku ya tatu akaniita.

"Bwana Shamba, ile mbolea iko wapi?"

Nilidhani ananitania. Ile mifuko sikutaka kuiona tena. Nilikuwa nimemgawia jirani yetu anayependa majani ya uani kwake kuliko watoto wake. Nikamweleza Bibi hivyo, nikaongeza kwamba punguzo nalo limekwisha. "Sasa ni bei kamili, Bibi. Tena imepanda kidogo."

"Maji iko?"

"Yapo."

"Basi nunua."

Miaka kumi na moja nilikuwa nikihubiri mbolea, na hakuna mkulima aliyewahi kuniagiza kwa sauti ile. Nilikwenda dukani nikanunua mfuko mzima, haukuchanika popote. Safari hii kipimo alitoa yeye, kijiko cha chai kutoka kabatini kwa binti yake, na kila kijiko alikisawazisha kwa kidole gumba. Mimi nilifuata nyuma nafunika udongo. Katika kazi zote nilizofanya shambani, ile ya kufunika udongo nyuma ya Bibi ndiyo ninayoiweka juu.

Mistari minane ilipanda ikanipita kimo.

Mwezi Machi tulipata habari kwamba mzee yuko njiani. Nilitaka kung'oa mahindi yaliyodumaa kabla hajafika. Bibi alikataa, akasema shimo katikati ya shamba ni baya kuliko mahindi yaliyougua. Kwa hiyo gari lilipoingia, kitu cha kwanza mzee alichokiona ni kazi yangu.

Alishuka polepole, akatusalimia, akaanza kutembea. Alipita kwenye mistari mirefu, akabonyeza hindi moja bila kulichuma, akatazama maharage. Kisha akarudi chini, akasimama mbele ya ile minne, akaniuliza kwa Kiingereza kilitokea nini hapa.

Kabla sijafungua mdomo, Bibi alinivuta shati. Alikuwa ameelewa swali bila kuelewa neno hata moja.

"Mwambie ni mie," alininong'oneza. "Mwambie huyu bibi mzee amekosa kipimo. Weye ni mtaalamu, una jina lako hapa."

Nilimtazama. Alijua vizuri kuliko mimi kilichokuwa hatarini. Kama kulikuwa na mtu ambaye hakupaswa kubeba kosa mbele ya mwenye shamba siku ile, ni yeye, na alikuwa tayari kulibeba ili mimi nibaki na kofia yangu. Sijawahi kupewa zawadi kubwa hivyo, na nilishukuru hata nilipokuwa naikataa.

Nikamwambia mzee: "Anasema ni kosa lake. Si kweli. Ni mimi. Niliona mbolea rahisi nikaitia nyingi, wakati hatuna maji, na yeye alinikataza."

Mzee alimtazama Bibi, akatazama na mahindi. Akasema kwamba akiwa kijana aliwahi kuunguza letusi zote za baba yake kwa mbolea mbichi ya kuku, kwa sababu mwenye kuku alikuwa anaitoa bure. Baba yake hakusema naye mpaka Pasaka. Kisha akauliza, pampu ilipokufa maji yalitoka wapi? Nikamwonyesha njia iliyokanyagwa kutoka bwawani, udongo mtupu bila jani. Aliifuata njia ile mpaka chini kwenye maji, peke yake, akapanda nayo tena akihema, akasimama kushika kiuno.

"Ufunguo wa pampu," alisema, "kaeni nao."

Nilipomtafsiria Bibi, hakupiga vigelegele. Aligeuza ndoo, akaikalia, akayatazama mahindi yake kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Mzee aliondoka taratibu kwenda kwenye kibanda chake, kwa adabu ya mtu anayejua shamba ni nini. Mimi nilichuchumaa pembeni ya Bibi. Kulikuwa na jambo nililoona ni haki nimwambie.

"Bibi, shamba sasa ni lako. Msimu ujao naweza kukutafutia mtu mwingine wa kukusaidia. Wapo vijana waliosoma vizuri kuliko mimi."

Aligeuka akanitazama kama nimesema upuuzi.

"Mtu mwingine? Weye nimekusomesha kwa mahindi yangu. Sasa umejua, ndiyo nikufukuze?"